Kidole cha Mama Mukwe

Kwa miaka kumi na minne nilimjua mama mukwe wangu kwa miguu yake. Uso wake nisingethubutu kuuapia hata mbele ya hakimu, lakini miguu ile ningeichagua katikati ya miguu elfu moja, usiku wa giza, bila taa. Kwetu Baraka, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Nikikutana naye njiani mimi naingia majanini, na kama pembeni kuna matope naingia matopeni na viatu vyangu; yeye anavuta kikwembe kichwani na kugeukia ziwa. Hatupeani kitu mkononi, hatuli mahali pamoja, na maneno yetu yote yanapita kwa mtu wa tatu, hata kama tumesimama hatua mbili. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na heshima hii inachosha shingo kuliko kubeba matofali.

Basi kwa sababu macho yangu yalikuwa chini siku zote, nikajifunza kusoma vidole vyake vya miguu kabla sijajifunza kusoma kitu kingine chochote. Akiwa na furaha, vyote vitano vimelala chini kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliotandazwa mchangani. Akikasirika, kidole gumba kinainuka na kubaki juu. Kwa habari zangu, mara nyingi kilibaki juu.

Chanzo chake ni siku ya kuandikisha ndoa. Tulipanda mpaka Fizi, kwenye buro ya serikali, maana Wabelgiji walitaka kila ndoa iingie katika daftari lao. Karani akanisukumia kalamu. Mimi ni mwashi. Mkono wangu ulijua mwiko na timazi, kalamu ulikuwa haujawahi kuishika. Karani akaelewa, akafungua kibati cha wino, akanikamata kidole gumba kama anayemkamata kuku, na nikakikandamiza pale kwa nguvu zangu zote, mpaka meza ikalia. Hilo peke yake lingesameheka. Shida ni kwamba sikujua wino unafutwa wapi, nikaufuta kifuani, juu ya shati jeupe ambalo nilikuwa nimeliazima kwa shemeji yangu.

Mama mukwe alikuwa ametupa mgongo, jinsi inavyotakiwa. Namna gani aliona, sijui mpaka leo. Lakini nilisikia sauti yake ikimwambia binti yake, taratibu, kwa adabu kamili, kwa habari ya ugali wa sherehe:

"Mwambie huyu Kidole, bukari ya leo asiishike na ule mukono."

Toka siku ile sikuwa na jina lingine. Kidole amerudi kazini? Kidole amekula? Watoto wangu walipozaliwa, wakawa watoto wa Kidole. Alama ya shati haikutoka. Tulilifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, tukalianika juani wiki nzima, na shemeji yangu akalikataa. Liko kwangu mpaka leo.

Ndiyo sababu niliingia masomo ya mangaribi, yale ya jioni ya watu wazima. Wengine watawaambia walitafuta nuru na maendeleo. Mimi nilitafuta jina.

Masomo yalifanyika katika kalasi ya watoto, watoto wakishaenda nyumbani. Ukuta wa kalasi ile niliujenga mimi mwenyewe, na sasa nilikaa ndani yake kwenye kibao cha mtoto wa miaka saba, magoti yakigusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa kijana. Nilipokuwa naweka msingi wa ile nyumba yeye alikuwa bado anakimbia na kaptula yenye matundu nyuma, na sasa alinitandika kwa maneno kama alivyotaka. Nilishika kalamu kama mwiko. Wiki ya kwanza nilivunja nibu zote zilizokuwako kati ya Uvira na Albertville. Nyumbani binti yangu, aliyekuwa kalasi ya tatu, alipitia daftari langu kila jioni huku akitikisa kichwa kama mkaguzi wa serikali, na siku moja aliniambia kwa huruma kabisa kwamba nikizidi kujitahidi naweza kumfikia mwaka ujao.

Baada ya miaka miwili, wengi waliridhika wakaacha. Kulikuwa na mwaka wa nyongeza kwa waliotaka kuendelea: barua za buro, hesabu ngumu, na Kifaransa kidogo cha kumwogopesha jirani. Tulibaki tisa. Alikuwemo fundi cherehani, alikuwemo mpishi wa wazungu, walikuwemo wavuvi wawili waliosinzia kwa zamu, na mmoja wa wale wafugaji wa milimani, mtu mrefu, mpole, aliyeshuka Baraka kwa biashara ya siagi akabaki kwa ajili ya kitabu. Fimbo yake aliisimamisha mlangoni kila jioni, na kabla ya kukaa aliiangalia tena, kama mtu aliyeacha ng'ombe nje. Mimi na yeye tulikaa kibao kimoja. Alizungumza kidogo sana, nami nikazungumza sehemu yake pia.

Habari kwamba sasa naweza kuandika jina langu zilimfikia mama mukwe. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete tu, kwa hiyo zilimfikia kabla wino haujakauka. Jioni ile ile nikasikia jibu lake kupitia matete, amemwelekezea mke wangu, lakini kwa sauti ya kutosha watu wawili:

"Mwambie Kidole, kuandika mu kalasi si kitu. Ata kuku iko inaandika mu muchanga. Mi nitaamini siku nitaona kalamu mu mukono yake kule Fizi, ile buro, pale pale alipangusaka wino mu shati."

Mke wangu akageuka akaniambia, "Mama anasema..." Nikamwambia nimesikia. Akasema hata kama nimesikia, lazima anieleze, la sivyo itakuwa kama hajanitumia ujumbe. Akanieleza yote toka mwanzo, pamoja na kuku.

Mwaka wa nyongeza ulipokwisha, direkteri wa masomo, mzungu mwembamba mwenye moyo mzuri na mawazo mengi, alitangaza kwamba vyeti vitatolewa Fizi, mbele ya bwana mkubwa wa serikali, barazani mwa buro. Halafu akaleta wazo lake jipya. Alisema sisi tumesoma, lakini ni wanawake wa nyumba zetu waliotutunzia chakula kwenye majivu miaka mitatu. Kwa hiyo kila mmoja atapokea cheti kutoka mkono wa mama yake, au mama mwingine aliye mkubwa nyumbani kwake. Mwanafunzi atatia sahihi katika daftari kubwa, na mama huyo atakuwa shahidi. Asiye na shahidi, cheti chake kitarudi ndani ya sanduku mpaka mwaka mwingine. Tulipiga makofi. Lilikuwa wazo zuri, na lilipitia juu ya vichwa vyetu kama ndege.

Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Shangazi yangu mmoja alikuwa Lubondja na miguu yake haikumtoa tena nje ya uwanja. Nilikuwa bado nawaza, wakati mke wangu aliponieleza kwamba jina la shahidi ameshalipeleka kwa mwalimu.

"Jina la nani?"

"La mama."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kama anajua anachokifanya: mama yake anipe karatasi mkononi, mbele ya watu wote wa Fizi, mimi na yeye uso kwa uso kama watu wanaouziana kuku? Akasema mama ndiye aliyeomba mwenyewe. Kalamu ile anataka kuiona, na habari za mkono amezifikiria tayari. Mimi nifike tu na viatu safi.

Basi nikajiandaa. Na nisiwafiche, pamoja na viatu niliandaa maneno. Miaka kumi na minne mtu ananiita Kidole. Nilikuwa na jibu langu tamu, nililotengeneza na kulipiga randa kila usiku kitandani. Nilipanga kwamba nikimaliza kutia sahihi, nitamwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha watu wawili, au ya kutosha soko zima: "Mwambie mama, Kidole amekufa leo, matanga ni kwangu."

Kamio, lori la kubeba pamba, lilikubali kuwapandisha wanawake mpaka Fizi asubuhi ya sherehe. Nafasi ilikuwako hata kwa wanaume, lakini ndani ya kamio moja na mama mukwe ningeingia majani gani? Nikapanda kwa miguu siku iliyotangulia, pamoja na yule mfugaji, ambaye kwake milima ile ilikuwa kama sakafu. Mimi nilipanda milima arobaini na kushuka sitini. Yeye alihesabu mitatu.

Asubuhi baraza ilikuwa imefagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Bendera, meza yenye kitambaa, daftari kubwa kama mlango, bwana mkubwa katika nguo nyeupe na kofia yake ngumu, polisi wawili, na watu wengi kushinda siku ya mnada wa pamba. Sisi tisa tulipangwa mstari mmoja upande wa kushoto, wanawake upande wa kulia kwenye viti. Direkteri alikuwa amewatafutia viti mwenyewe. Nikatafuta miguu yangu. Niliiona kwenye kiti cha nne, imepakwa mafuta ya mawese, vidole vyote vitano vimelala. Alikuwa na furaha. Hata mimi nikafurahi, hadi nilipoangalia juu ya meza.

Kando ya kalamu kulikuwa na kibati cha wino. Kile kile, au ndugu yake.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mvuvi. Mama yake akampa cheti, akamkumbatia, kijana wa miaka thelathini na tano, halafu karani akamshika mama yule kidole, akakichovya, akakibandika daftarini. Yule mama alicheka sana akawaonyesha watu kidole chake cha buluu. Wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Nikaelewa kwamba kuwa shahidi ni kutia alama, na mama mukwe wangu alikuwa hajaambiwa. Nikateremsha macho kwenye kiti cha nne. Vidole vilikuwa havijalala tena.

Waliniita mimi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita ndoto. Mama mukwe alichukua cheti kutoka kwa direkteri, akakiweka juu ya kigoda alichokuwa amekileta kutoka nyumbani ndani ya kamio, akarudi nyuma hatua nne na kunipa mgongo. Mimi nikaenda, nimeinama, nikakichukua kwa mikono miwili. Watu wa kwetu wakanong'ona kwa kuridhika. Direkteri alifikiri bibi amekasirika akamwuliza mwalimu jambo, mwalimu akamtuliza. Halafu nikashika kalamu. Mama mukwe akageuka nusu, kikwembe kimefunika uso, tundu moja tu limeachwa la jicho, nami nikatia sahihi. Ndugu zangu, ile haikuwa sahihi, ilikuwa barabara. Ilianza mwanzo wa mstari, ikapanda, ikazunguka, ikamtembelea aliyeandika juu yangu, ikarudi na kujipiga mkia mpaka ukingoni mwa karatasi.

Nikasogea pembeni. Karani akafungua kibati na kumwonyesha mama mukwe pa kuchovya kidole.

Miguu yake ilisimama. Nikamsikia akimwambia mke wangu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia:

"Mwambie Direkteri, hii kidole yangu iko inauma."

Mwalimu akatafsiri. Direkteri akasema pole, kidole kingine chochote kinafaa, ana kumi. Watu wakacheka. Mama mukwe hakusogea. Direkteri akangoja, akaangalia saa, akaeleza kwa upole kabisa kwamba anasikitika, lakini bila alama ya shahidi cheti kinarudi sandukuni, na akaninyooshea mkono nikirudishe.

Cheti kilikuwa mkononi mwangu. Miaka mitatu ya kibao cha mtoto. Na jibu langu tamu lilikuwa limefika kwenye meno, maana hakuna siku Mungu angenipa nzuri kuliko ile: yule aliyeniita Kidole amesimama mbele ya Fizi nzima, anakiogopa kidole. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona miguu yake. Mguu wa kuume ulikuwa umepanda juu ya mguu wa kushoto, kidole gumba kimejificha chini ya kingine, kama mtoto anayejificha nyuma ya mama yake.

Kitu kile sikupaswa kukiona. Kwetu mukwe haoni haya ya mama mukwe. Akikuta haya yake yamekaa njiani, ni yeye anayeingia majanini. Pale barazani majani hayakuwepo. Nikafanya kilichobaki: niligeuka nyuma, nikatazama ukuta wa buro.

Yule mfugaji alikuwa wa tano, karibu yangu kabisa. Sikumwambia neno. Kwao milimani nao wana heshima zao za bamukwe, ngumu kuliko zetu hata. Nikasikia fimbo yake ikiinuka na kutua upande wa pili, naye akageuka. Fundi cherehani akageuka. Mpishi, wavuvi, sote tisa, mgongo kwa meza. Halafu nyuma ya kamba, wanaume waliokuja kutazama wakaanza kugeuka mmoja mmoja, wakivua kofia, mpaka Fizi yote ikawa inatazama milima.

Sasa fikiria wewe ni bwana mkubwa. Umevaa nyeupe, umekaa chini ya bendera yako, na watu wako wote wanakupa mgongo kwa pamoja bila kusema neno. Nilisikia kiti kikianguka. Nilisikia polisi wakipiga visigino. Bwana mkubwa akauliza kitu kwa Kifaransa, na Kifaransa chote nilichosoma mwaka mzima kilinikimbia, isipokuwa kile kidogo cha kuelewa kwamba anauliza nani ametufundisha uasi huu.

Mwalimu wetu, yule kijana wa kaptula, alitoka mbele. Alieleza kwa muda mrefu. Katika maneno yote nilishika mawili tu, yale yenye maana ya mama mukwe, kwa sababu siku alipotufundisha watu wa familia niliyauliza mara kumi. Akamaliza. Halafu bwana mkubwa akauliza tena, polepole, na mwalimu akajibu ndiyo. Nikasikia kiti kinainuliwa, kinaburutwa kidogo. Wapo wanaosema alikigeuza kwa sababu ya jua. Mimi nilikuwepo, na jua lilikuwa nyuma ya mawingu. Nadhani naye alikuwa na mama mukwe, mahali fulani huko Ulaya.

Kibati kililia. Halafu mke wangu akasema, "Tayari."

Tulipogeuka, mama mukwe alikuwa ameshafika kitini, kikwembe kichwani, mikono yote ndani. Karani alilinyanyua daftari kidogo ili nione. Sahihi yangu ilikuwa imemaliza mstari wote, hapakuwa na nafasi ya shahidi hata ya kuweka punje ya mchele. Kwa hiyo kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya jina langu, katikati, kimelikandamiza vizuri.

Sherehe ikaendelea mpaka wa tisa. Jibu langu tamu nilirudi nalo Baraka ndani ya mdomo, kwa miguu, milima sitini na arobaini, na nilipofika lilikuwa limeshachacha.

Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa uwanjani nimekaa na cheti changu, namsomea jirani kwa mara ya saba, na kila mara kilizidi kuwa kirefu. Sauti ikapita kwenye matete.

"Mwambie bwana yako, ile jina yake ni ya murefu kabisa. Lakini bila kidole yangu, ingelala mu sanduku."

Mke wangu akanigeukia akanieleza yote, kama kawaida. Mimi nikafikiri kidogo. Nilimwambia amwambie mama kwamba ni kweli.

Mke wangu akapeleka jibu. Halafu ua ukatikisika, mkono ukapitisha kitu chini ya matete, pale tunapopitishia vitu, na nyayo zikaondoka. Nikangoja zimalizike, kisha nikaenda. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, juu yake samaki wawili, mikeke wa kuchoma, wanene, wangali na moto. Pembeni mwa sahani, pale mtu anaposhika, kulikuwa na alama ya buluu. Wino wa serikali hautoki. Hakuna anayelijua hilo kuliko mimi na shati langu.

Mke wangu akauliza kama nimekwisha kuisoma alama ile. Nikamwambia bado, aniache nile kwanza, na aiweke sahani ile mbali na majivu na ndimu.